Bakteria wa kinywani kwenye kiti cha shahidi: barua ya wazi kwa wasimamizi wa maabara za jinai na watunga kanuni za ushahidi

Kwenu waheshimiwa wakuu wa maabara za uchunguzi wa jinai, viongozi wa mashtaka, majaji na mahakimu, pamoja na wajumbe wa kamati zinazoamua ni ushahidi gani wa kisayansi upokelewe mahakamani,

Kwa heshima na taadhima nawaandikia nikiwa mtu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kuotesha, kuhesabu na kutofautisha bakteria wanaoishi kinywani mwa binadamu. Mimi si mwanasheria, sina kesi mahakamani wala ndugu aliye rumande. Nimeshika kalamu kwa sababu swali ambalo zamani lilikuwa la wanafunzi wadadisi sasa linaulizwa na wapelelezi na mawakili: je, bakteria waliobaki kwenye ngozi iliyoumwa, kwenye ukingo wa kikombe au kwenye kitambaa kilichotemewa mate wanaweza kumtaja mwenye kinywa walikotoka?

Jibu langu lina pande mbili, na ombi langu lote limesimama juu ya kuzitenganisha. Bakteria hao wanaweza kutuambia kwamba mahali fulani paliguswa na mate, na hilo wanalisema vizuri. Kwamba mate hayo ni ya fulani bin fulani, bado hawawezi kulisema kwa uhakika unaotosha kumfunga mtu. Naomba mpaka kati ya kauli hizi mbili uwekwe katika kanuni sasa, kabla ya kesi ya kwanza yenye kishindo, kwa maana kanuni inayoandikwa kesi ikiwa imeshapamba moto huandikwa na upande wenye haraka zaidi.

Anayetaka kulielewa jambo hili na aanze na ukoga, ule utando laini ambao ulimi huupapasa juu ya meno asubuhi kabla ya mswaki. Mwaka 1683 Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft nchini Uholanzi aliyekuwa akijitengenezea lenzi kwa mikono yake, aliukwangua ukoga wa meno yake mwenyewe, akauchanganya na maji ya mvua, akautazama, kisha akaiandikia Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, kwamba ameona viumbe wadogo sana wakienda huku na huko. Leo tunafahamu spishi za bakteria wa kinywani zipatazo 700, ingawa kinywa cha mtu mmoja hubeba sehemu tu ya hizo, na mililita moja ya mate huwa na bakteria wanaofikia milioni 100 au kupita. Wala hawakutawanyika ovyo. Streptococcus salivarius hutamalaki juu ya ulimi na ndani ya mate. Streptococcus sanguinis na Streptococcus mutans hung'ang'ania meno. Na kule chini kwenye mifuko ya fizi iliyougua, pasipofika hewa, ndiko wanakokaa Porphyromonas gingivalis na wenzake.

Ukipaka tone la mate juu ya sahani ya agari, yaani utelezi ulioganda wa kuoteshea bakteria, iliyotiwa sukari na rangi ya buluu, siku mbili baadaye unaweza kuwatambua baadhi yao kwa macho matupu. Streptococcus salivarius huota kama kidonge kinene cha buluu iliyopauka, laini na kilichotuna, kwa sababu sukari ile anaigeuza kuwa utomvu unaoitwa levani. Streptococcus mitis huwa kinundu kidogo cha buluu iliyokolea. Streptococcus mutans huonekana mkavu, uso wake una chembechembe kama kioo kilichokwaruzwa. Nimezitazama sahani za namna hii maelfu kwa maelfu, na nakiri kwamba bado zinanipendeza. Ila kupendezwa na kitu si hoja ya kukifanya kielelezo mahakamani.

Nianze na upande ulio imara. Kipimo kinachotumika sana kutambua doa la mate hutafuta amilesi, yaani kimeng'enya kinachovunja wanga. Udhaifu wake unajulikana: amilesi haimo katika mate peke yake, kwani hupatikana pia, kwa viwango tofauti, katika maziwa ya mama, jasho na kinyesi. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kipande cha vinasaba vya Streptococcus salivarius kinaweza kukuzwa kwa njia ya PCR, yaani kunakiliwa mara nyingi mpaka kionekane, kutoka kwenye doa la mate, nao wakapendekeza njia hiyo itumike kuyatambua mate. Huu ni msaada wa kweli. Fikirini kesi ya shambulio la kingono ambamo vinasaba vya mtuhumiwa vimekutwa kwenye shingo ya mlalamikaji. Mtuhumiwa anaweza kudai kwamba walikumbatiana tu wakisalimiana, na vinasaba vyenyewe haviwezi kumpinga, maana havisemi vilifika pale kwa jasho, kwa mkono au kwa mdomo. Kipimo kinachothibitisha kwamba pale shingoni palikuwa na mate kinabadilisha kabisa mazungumzo, mradi maabara iwe imepima pia ngozi ya pembeni yake na imejiridhisha kwamba mate hayo hayakutoka kwa mlalamikaji mwenyewe. Kwa matumizi haya sina kizuizi. Yathibitishwe katika kila maabara kama kipimo kingine chochote, kisha yatumike.

Upande wa pili ndio ulionikosesha usingizi. Wazo lenyewe halina upuuzi ndani yake, na waliolianzisha ni watu makini. Mwaka 1984 watafiti wa Australia walichapisha kazi iliyochunguza muda ambao streptokoki wa kinywani, yaani bakteria wa jamii ya Streptococcus, huishi juu ya ngozi ya binadamu, wakiwa na alama za kuumwa akilini. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago nchini New Zealand walitumia watu waliojitolea kung'ata, wakapangusa alama zile, wakaotesha streptokoki waliopatikana na kulinganisha vinasaba vyao na vya streptokoki waliotolewa kwenye meno. Mwaka 2012 kikaja kizazi kipya cha kazi hiyohiyo kutoka huko New Zealand, ambacho kiliacha kuotesha na kusoma mfuatano wa vinasaba moja kwa moja kutoka kwenye vijiti vya pamba. Humo ilionekana kwamba jeni iitwayo rpoB huitenganisha streptokoki vizuri kuliko jeni ya 16S ambayo wengi wetu tumezoea kuitumia kutambua bakteria. Sababu inaeleweka. Jeni ya 16S ina herufi zipatazo 1500, na imehifadhiwa kiasi kwamba baadhi ya streptokoki walio binamu, kwa mfano Streptococcus mitis na Streptococcus pneumoniae, hufanana ndani yake kwa zaidi ya asilimia 99. Anayetegemea jeni hiyo peke yake kumtofautisha mtu na mtu ni kama anayewatambua wapita njia kwa kuangalia nyayo za viatu vya kiwanda kimoja.

Mvuto wa njia hii nauona vizuri. Kijiti cha pamba kinapopita juu ya ngozi iliyoumwa huzoa seli nyingi za aliyeumwa, na vinasaba vya aliyeuma vinaweza kumezwa humo kama tone la maziwa ndani ya ndoo ya maji. Mate yenyewe pia yana vimeng'enya vinavyokatakata vinasaba. Streptokoki wa kinywani, kwa upande wao, si wakazi wa kawaida wa ngozi ya mkono, hivyo sauti yao husikika hata pale sauti ya binadamu imepotea. Isitoshe, mapacha wa yai moja ambao vipimo vya kawaida vya vinasaba haviwezi kuwatenganisha wanaweza, kwa nadharia, kuwa na koo tofauti za bakteria, yaani nasaba tofauti ndani ya spishi ileile. Uthabiti wa vinasaba vya bakteria nao si jambo la kubishaniwa: wanaakiolojia wamevisoma katika ukoga uliogeuka jiwe juu ya meno ya watu waliokufa maelfu ya miaka iliyopita.

Hata hivyo, kuna jambo moja kuhusu majaribio haya ambalo nililielewa kwa aibu, tena mapema. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi, kwenye maabara ambayo sitaitaja, nilipewa jukumu la kuandaa sahani za udhibiti, yaani zile ambazo hazipakwi kitu na zinatakiwa kubaki tupu. Mwenzangu alikuwa amesimama upande wa pili wa meza akinisimulia kisa kirefu, barakoa yake ikiwa kidevuni. Siku mbili baadaye nikakuta vidonge vitatu vya buluu iliyopauka katikati ya sahani iliyotakiwa kuwa tupu. Nilikasirika, nikaandika kwenye daftari kwamba sahani imechafuliwa kwa uzembe wa fulani, na ili kumfunga mdomo nikalinganisha vinasaba vya vidonge vile na vya bakteria kutoka vinywani mwetu sote wawili. Vilikuwa vyangu. Barakoa yangu nilikuwa nimeiteremsha ili nicheke.

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi kama mfano wa usafi wa maabara, na kwa miaka kadhaa nilidhani hilo ndilo fundisho lake. Siku moja mwanafunzi akaniuliza: "Ungejuaje kama vilikuwa vya mtu wa tatu aliyepita usiku?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimelinganisha vidonge vile na vinywa viwili tu, nikachagua kilichofanana zaidi, na kwa kuwa watu walikuwa wawili, mmoja lazima angefanana zaidi ya mwingine. Majaribio niliyoyataja hapo juu yana mpaka wa aina hiyohiyo, ingawa yalifanywa kwa uangalifu mkubwa kuliko wangu: kundi dogo la watu waliojitolea, ambao mtafiti anawajua wote, na swali linaloulizwa ni nani kati ya hawa. Swali la mahakama ni jingine. Mahakama inauliza: mtu huyu, au yeyote yule aliye hai ambaye hatujampima? Mtu hawezi kutoka kwenye swali la kwanza kwenda kwenye la pili kwa kuongeza ujasiri wa sauti.

Na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, kwa sababu ndipo penye uzito. Vinasaba vyetu sisi tunarithi kwa wazazi na hatugawiani na majirani. Bakteria tunagawiana kila siku. Mwaka 2014 watafiti wa Uholanzi waliwapima wapenzi jozi 21, na wakakadiria kwamba busu moja la kina la sekunde 10 huhamisha bakteria wapatao milioni 80 kutoka kinywa kimoja kwenda kingine. Inajulikana pia kwa miongo kadhaa kwamba watoto wengi huupata ukoo wao wa Streptococcus mutans kutoka kwa mama zao, katika umri ule wanapoota meno ya kwanza na kulishwa kwa kijiko kilichoonjwa. Wanaokaa nyumba moja, wakala pamoja na kunywa pamoja, huishia kufanana vinywa kuliko wageni.

Sasa tazameni ni kesi zipi zinazoleta alama za meno mbele ya mpelelezi. Mara nyingi ni ukatili wa ndani ya nyumba: mtoto aliyeumwa shavuni, mwanamke aliyeumwa begani. Watuhumiwa katika kesi hizo ni baba, mama, mjomba, mpenzi, kaka, yaani watu haohao waliogawiana bakteria kwa miaka. Njia hii inaweza kuwa dhaifu zaidi pale pale inapoitwa kwa hamu zaidi. Na aliyeumwa mwenyewe, ikiwa ni mpenzi wa mtuhumiwa, anaweza kuwa na koo za mtuhumiwa kinywani mwake. Akijilamba jeraha ili kupunguza maumivu, jambo ambalo kila mmoja wetu ameshalifanya, atakuwa amezipaka mwenyewe juu ya ngozi yake. Majaribio yanayohitajika yafanywe kwa watu wa kaya moja, kaya nyingi, na yafanywe kwa miaka. Majaribio ya wageni kwa wageni hayatatusaidia hapa.

Muda nao ni tatizo, ingawa dogo kuliko watu wanavyodhani. Kinywa cha mtu mzima mwenye afya hubaki na sura yake kwa muda mrefu. Lakini mtu akipewa viuavijasumu kwa wiki moja, akasafishwa ukoga na daktari wa meno, akaanza kusukutua kwa klorheksidini, akang'olewa magego au akavalishwa meno ya bandia, ramani hubadilika, na hakuna anayeweza kuahidi kwamba ukoo uliokuwepo mwezi wa kwanza utapatikana mwezi wa nane mtuhumiwa anapokamatwa. Juu ya ngozi nako idadi ya bakteria hushuka saa kwa saa, na maji ya kuoga huimaliza kazi.

Kuna pia uchafuzi usiotokana na kicheko cha mtu. Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba dawa na vifaa vya kutolea vinasaba, hata vikiwa vipya ndani ya pakiti, huwa na vinasaba vya bakteria ndani yake, na kwamba sampuli ikiwa na bakteria wachache, vinasaba hivyo vya kiwandani vinaweza kuizidi nguvu. Sampuli ya alama ya kuumwa iliyokaa siku nzima ni sampuli ya bakteria wachache. Ripoti yoyote isiyoambatana na matokeo ya vijiti vitupu, vilivyofunguliwa palepale na kupitishwa njia ileile, irudishwe ilikotoka.

Halafu kuna hesabu. Vinasaba vya binadamu vinavyotumika mahakamani husomwa katika vituo vilivyochaguliwa kwa sababu kila kimoja hurithiwa bila kutegemea kingine, na ndiyo maana mtaalamu anaweza kuzidisha uwezekano wa kimoja kwa uwezekano wa kingine mpaka akapata zile tarakimu kubwa zinazonyamazisha ukumbi. Bakteria hawako hivyo. Wanaokaa kinywa kimoja hutegemeana: mmoja hula asidi anayoitoa mwenzake, mwingine hushikamana na mgongo wa mwingine. Kumkuta mmoja hubadilisha uwezekano wa kumkuta wa pili. Anayezizidisha tarakimu zao kama vile ni kete zinazorushwa mbalimbali atatoa jibu kubwa la kuvutia ambalo halina maana yoyote. Na hata hesabu iliyo sahihi inahitaji kujua ukoo fulani unapatikana kwa watu wangapi katika jamii, na kumbukumbu ya namna hiyo, iliyokusanywa kwa ajili ya mahakama, haipo.

Mtaona nina woga mwingi, na huenda mkauliza umetoka wapi. Umetoka kwa jirani yetu wa karibu kabisa, yaani ulinganishaji wa alama za meno zenyewe. Kwa miaka mingi madaktari wa meno walipanda vizimbani wakaapa kwamba jeraha fulani limeachwa na meno ya mtu fulani na si mwingine. Katika jimbo la Arizona, Marekani, mtu mmoja alihukumiwa kifo mwaka 1992, na nguzo kubwa ya mashtaka ilikuwa meno yake yaliyopishana. Mwaka 2002 aliachiliwa baada ya vinasaba kutoka kwenye nguo ya marehemu kuonyesha mtu mwingine. Katika jimbo la Virginia mwingine alikaa gerezani miaka 33 mpaka alipoachiliwa mwaka 2016, naye pia alikuwa amefungwa kwa sababu ya alama za meno. Mwaka 2009 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilitoa ripoti iliyosema msingi wa kisayansi wa ulinganishaji huo hautoshi, na mwaka 2016 jopo la washauri wa kisayansi wa rais wa nchi hiyo likasema haufikii kiwango cha kuaminika na halioni dalili njema kwamba utafikia. Tume ya sayansi ya jinai ya Texas, mwaka huohuo wa 2016, ilipendekeza usitumike mahakamani mpaka uthibitishwe.

Kinachoniogopesha si kwamba wale madaktari walikuwa waongo. Wengi wao walikuwa wakweli, wenye vyeti na uzoefu, na waliamini walichokiona. Bakteria wakiingia mahakamani wataingia wakiwa na kitu ambacho alama za meno hazikuwa nacho: sauti ya vinasaba. Hakimu akisikia neno hilo atalipa uzito uleule anaoupa uchunguzi wa vinasaba vya binadamu, ilhali ni vitu viwili vinavyogawana jina na mashine tu.

Kwa hiyo naomba haya. Kwanza kabisa, vinasaba vya binadamu vitangulie daima. Sampuli isigawanywe kwa ajili ya bakteria kama kuigawanya kutapunguza nafasi ya kupata vinasaba vya aliyeuma, kwa sababu tukivipata hivyo, swali letu limeshajibiwa kwa njia tunayoielewa. Njia ya vijiti viwili iliyochapishwa mwaka 1997, ambapo kijiti cha kwanza hulowanishwa kwa maji safi yasiyo na vijidudu na cha pili hupita kikiwa kikavu, ibaki kama ilivyo, na kijiti cha bakteria kiwe cha tatu. Hiki kisikaushwe kama vile viwili vya kwanza ikiwa nia ni kuotesha, kwa kuwa ukaushaji unaohifadhi vinasaba ndio huohuo unaoua bakteria. Kiwekwe kwenye kimiminika cha kusafirishia na kifike maabara kikiwa baridi, siku hiyohiyo. Nimeshapokea vijiti vilivyokaa siku nne ndani ya bahasha, juu ya dirisha lenye jua, vikiwa na mhuri na saini zote zinazotakiwa. Mnyororo wa utunzaji wa kielelezo ulikuwa kamili. Bakteria walikuwa wamekufa.

Pamoja na kijiti hicho kichukuliwe cha ngozi ya pembeni isiyoumwa, cha kinywa cha aliyeumwa, na kitupu kilichofunguliwa tu hewani. Muda uandikwe: saa ya tukio kama inajulikana, saa ya kupangusa, na kama aliyeumwa ameoga, amejipaka dawa au amejilamba. Sampuli ya mtuhumiwa, ikichukuliwa kwa ridhaa yake au kwa amri ya mahakama, ichukuliwe mapema na iambatane na maelezo ya dawa alizotumia. Haya yote yanaweza kuanza kesho hata kama hakuna anayekusudia kuyatumia mahakamani, kwa sababu sampuli zilizochukuliwa vizuri leo ndizo zitakazotuwezesha kujua njia hii inafaa au haifai.

Pili, lugha ya ripoti ifungwe. Mtaalamu aruhusiwe kuandika kwamba bakteria wanaopatikana katika mate wamekutwa au hawajakutwa. Maneno kama "wanalingana na wa mtuhumiwa" yasiruhusiwe hata yakiwa na tahadhari mbele yake, kwa sababu tahadhari husahaulika na kulingana hukumbukwa. Wala kutofanana kusitumike kumsafisha mtu. Bakteria waliokosekana wanaweza kuwa wamekufa, wameoshwa, au hawakuwahi kuokotwa na kijiti.

Wapo watakaosema basi tuitumie kama fununu ya upelelezi tu, bila kuifikisha mahakamani. Nimelitafakari pendekezo hilo na kusema kweli sijaridhika nalo. Fununu iliyovaa koti jeupe haibaki fununu kwa muda mrefu. Mtu akiambiwa katika chumba cha mahojiano kwamba bakteria wa mdomo wake wamekutwa kwenye jeraha, anaweza kukiri jambo ambalo hakulifanya, na kukiri huko kutafika mahakamani bila bakteria waliokusababisha.

Tatu, majaribio yafanywe kwa kuficha. Maabara zitumiwe sampuli bila kuambiwa ni za nani, zikiwemo za watu wa kaya moja, za mtu yuleyule kabla na baada ya dawa, na nyingine ambazo mwenyewe hayumo kabisa kati ya waliopimwa. Hizi za mwisho ndizo muhimu kuliko zote, maana ndizo zinazoonyesha mtaalamu anaposema "amefanana" akiwa hana haki ya kusema hivyo. Makosa yachapishwe pamoja na mafanikio, na upande wa utetezi upewe data ghafi.

Jambo la faragha nalitaja kwa ufupi ingawa linastahili barua yake. Kijiti kilichopita kinywani hubeba seli nyingi za binadamu, kwa hiyo anayedai anasoma bakteria tu amebeba pia vinasaba vya mtu, apende asipende. Bakteria wenyewe nao hufichua mambo ambayo hakuna aliyeruhusu yaulizwe, kama ugonjwa wa fizi au dalili za uvutaji wa sigara. Asiyetiwa hatiani ateketezewe sampuli yake na kumbukumbu zake zifutwe.

Vile vidonge vitatu vya mwaka wangu wa kwanza sikuvitupa. Niliviotesha upya, nikavichanganya na gliseroli, na hadi leo vimo ndani ya friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri, vikiwa na namba tu isiyo na jina. Kando yake nimehifadhi bakteria wa kinywa changu wa mwaka ule na wa mwaka huu, wa mwenzangu yule, na wa watu wengine walioniridhia, baadhi yao wakiwa wa nyumba moja nami. Maabara yoyote miongoni mwenu itakayotaka kuanza majaribio ya kuficha niliyoyaomba nitaipelekea chupa hizo zikiwa zimechanganywa, bila orodha. Orodha nitaikabidhi kwa mtu wa tatu mtakayemchagua nyinyi, aifungue siku mtakapoleta majibu.

Wenu mtiifu,

Mtaalamu wa bakteria wa kinywani